Kubadilisha Wiki ya Taimshea kwa Safari ya Meli: Hesabu Kwanza, Bahari Baadaye

Mwenye wiki ya taimshea, yaani aliyenunua haki ya kutumia nyumba ya hoteli kwa wiki moja kila mwaka, huchoka. Mwaka wa kwanza hoteli ni mpya. Mwaka wa tano watoto wanakijua hadi kigae kilichovunjika kando ya bwawa. Mwaka wa kumi ada ya matunzo inalipwa kwa ajili ya wiki ambayo hakuna mtu nyumbani anayeitamani. Hapo ndipo inapoingia barua pepe yenye picha ya meli kubwa nyeupe: tumia wiki yako usafiri baharini.

Ofa hizo si uongo. Kampuni za kubadilishana wiki zinazo, na watu wanasafiri nazo. Ila elewa kwanza kinachofanyika. Unapobadilisha wiki yako kwa wiki ya hoteli nyingine, kuna mwenye wiki mwenzako aliyeacha ya kwake, na yako itamwendea mwingine. Ni nyumba kwa nyumba. Meli haimo kwenye mzunguko huo. Kampuni ya meli haina haja na chumba chako cha mlimani, inataka pesa ya tikiti kama kawaida. Inayoichukua wiki yako ni kampuni ya kubadilishana. Itaikodisha au itampa mwanachama mwingine, kisha wewe itakupunguzia kiasi fulani kwenye bei ya safari. Kwa hiyo unachopata ni punguzo, na bei yake ni wiki yako nzima. Yapo mapunguzo manono na yapo ya kukutania, na kuyatofautisha ni kazi ya nusu saa ukiwa na kalamu na karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Wiki ya taimshea hupimwa kwa nyumba, safari ya meli hupimwa kwa vichwa. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala, yenye jiko na sebule, hulaza watu sita kwa ada ile ile. Melini watu hao sita watalipiwa kila mmoja bei yake, na watagawanywa kwenye kabini mbili au tatu. Ndiyo maana kubadilisha kwa meli huwafaa zaidi watu wawili, na familia kubwa hupigwa nayo.

Toa mkataba kabatini

Anza na karatasi, picha za meli zisubiri. Kwanza tazama kama wiki yako ina tarehe maalumu au haina. Wiki zimepewa namba kuanzia 1 hadi 52, na miaka mingine hufika 53. Ukimiliki wiki ya namba fulani, hakuna la kuamua. Lakini kama yako ni ile inayoombewa nafasi kila mwaka ndani ya msimu, lazima hoteli ikupangie tarehe kabla hujaweza kuikabidhi kwa kampuni ya kubadilishana, na hapa wengi hupoteza thamani bila kujua. Wanapokea tarehe yoyote wanayopewa. Piga simu siku ile ile dirisha la kuombea nafasi linapofunguliwa, uombe wiki inayogombewa: mwisho wa Desemba, likizo za shule, Julai na Agosti kwa fukwe za Ulaya, Februari kwa milima ya theluji. Utaikabidhi tu, hutakwenda wewe, kwa hiyo usichague wiki unayoipenda. Chagua inayopendwa na wenzako.

Usitegemee sana rangi ya msimu, ambayo huonyesha jinsi wiki inavyogombewa, nyekundu ikiwa ya juu kabisa. Kati ya kampuni mbili kubwa za kubadilishana, RCI hutumia nyekundu, nyeupe na buluu, Interval International hutumia nyekundu, njano na kijani, na kila muuzaji atakwambia yako ni nyekundu. Kuna maeneo ambayo mwaka karibu mzima umepakwa nyekundu, na wiki ya Septemba iko kundi moja na ya Krismasi. Soko halizichukulii kuwa sawa.

Tazama pia kama nyumba yako ina mlango wa kati unaofungwa ili igawanyike kuwa mbili: upande mmoja wenye jiko kamili na mwingine chumba kidogo chenye jiko lake dogo. Nyumba ya namna hiyo unaweza kuikabidhi kwa vipande viwili na kupata mabadilishano mawili kwa ada moja ya matunzo, ingawa utalipa ada ya kubadilisha mara mbili, na baadhi ya hoteli hutoza kidogo kwa kuigawa.

Angalia deni. Wiki ambayo ada yake ya matunzo haijalipwa haipokelewi, na ukikabidhi wiki ya mwaka ujao mara nyingi utadaiwa ada ya mwaka huo mapema. Kwa Marekani hiyo sasa ni zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka katika hoteli nyingi, kwa hiyo si malipo ya kushtukiziwa.

Mwisho, kama ulinunua taimshea yako kwa mtu na si kwa kampuni yenyewe, soma kipengele cha haki za mnunuzi wa mkono wa pili. Disney Vacation Club, taimshea inayotumia pointi badala ya wiki, ni mfano mzuri. Pointi zilizonunuliwa kwa mtu mwingine tangu Machi 2011 hazitumiki kwenye meli za Disney, ingawa hotelini bado zinatumika, kwa mipaka yake. Klabu nyingine nazo zina mipaka ya namna hiyo, na afadhali uijue leo kuliko siku ya kuweka nafasi.

Jua unashughulika na nani

Kampuni mbili ndizo zilizoshika soko. RCI ilianzishwa Indiana, Marekani, mwaka 1974, na Interval International ikafuata mwaka 1976. Hoteli nyingi zina mkataba na moja kati yao, nyingine na zote mbili. Unalipa uanachama wa mwaka, halafu ada kila unapobadilisha, ambayo kwa wiki nzima mara nyingi huzidi dola 200. Zipo pia kampuni ndogo kama 7Across, ile iliyokuwa ikiitwa Dial An Exchange, ambazo hupokea wiki za hoteli nyingi bila kujali mkataba huo.

Kwa safari za meli, ngazi ya uanachama wako inaweza kuamua unachoruhusiwa kukiona. Kabla ya kupandisha ngazi kwa pesa ili upate ofa ya meli, ongeza gharama hiyo kwenye hesabu inayofuata.

Ukiwa Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 kuhusu taimshea inagusa pia mikataba ya kubadilishana: una siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na ndani ya siku hizo hawaruhusiwi kukudai malipo ya awali. Muuzaji anayesema ofa inakwisha leo jioni anategemea kwamba hulijui hilo.

Wiki yako ingekodishwa kwa kiasi gani?

Swali hili ndilo watu huliruka, na ndilo lenye pesa. Ingia kwenye tovuti ambako wenye wiki hukodisha wenyewe kwa wenyewe, RedWeek ikiwa mojawapo inayojulikana, utafute hoteli yako, ukubwa wa nyumba yako na wiki yako. Utaona bei wanazoomba. Bei inayoombwa si bei inayolipwa, kwa hiyo puuza zile za juu na uangalie tangazo la bei ya chini kabisa ambalo bado halijachukuliwa. Wiki yako itakodishwa chini ya hapo. Toa gharama ya tangazo. Kinachobaki andika pembeni kwa wino.

Hakikisha hoteli inaruhusu kukodisha. Nyingi zinaruhusu wiki unayoimiliki. Usichanganye hilo na wiki uliyoipata kwa kubadilisha: RCI na Interval zote zinakataza kuikodisha hiyo, na wakikubaini wanaweza kufuta nafasi mgeni wako akiwa njiani.

Inawezekana jibu likawa dogo sana. Studio ya Novemba katika mji wenye hoteli za taimshea kila kona haipati mpangaji kirahisi. Hiyo pia ni taarifa njema kwako, kwa maana ofa ya meli ambayo kwa mwingine ni hasara, kwako inaweza kuwa faida.

Pata bei tatu za safari moja

Chagua safari moja halisi: meli fulani, tarehe fulani ya kuondoka, aina fulani ya kabini. Halafu tafuta bei tatu za kitu hicho hicho. Ya kwanza ni ile ambayo kampuni ya kubadilishana inaiita bei ya kawaida. Ya pili ni bei yao ukitoa wiki. Ya tatu, ambayo wao hawatakupa, ni bei kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe au kwa wakala wa usafiri wa kawaida.

Tuseme ni safari ya usiku 7 kwa watu wawili, kabini ya ndani isiyo na dirisha. Namba hizi ni za mfano tu, lakini sura yake ndiyo utakayokutana nayo. Kampuni ya kubadilishana inasema bei ya kawaida ni dola 950 kwa mtu, yaani 1,900 kwa wawili. Ukitoa wiki, inashuka hadi 700 kwa mtu, yaani 1,400. Tangazo linapiga kelele: okoa dola 500! Sasa ongeza ada ya kubadilisha, tuseme 200. Umefika 1,600, na akiba imeshuka hadi 300.

Kisha unafungua tovuti ya kampuni ya meli. Kabini ile ile, siku ile ile, inauzwa 820 kwa mtu. Kwa wawili ni 1,640.

Ondoa 1,600 kwenye 1,640. Wiki yako nzima, pamoja na ada ya matunzo uliyoilipa, imekuokolea dola 40.

Kama kwenye hatua iliyopita uliandika kwamba wiki ingekodishwa na kukuachia dola 550 mkononi, basi njia ya pili ni kuikodisha, kuchukua hizo 550, kununua tikiti kama mtu yeyote kwa 1,640, na kutoa mfukoni 1,090. Dhidi ya 1,600. Meli ni ile ile, chakula ni kile kile, tofauti ni dola 510. Na kwa kuwa hukupitia kwa kampuni ya kubadilishana, uko huru kuchagua meli yoyote, bandari yoyote na tarehe yoyote, hata zile ambazo hazimo kwenye orodha yao.

Kanuni yenyewe ni fupi: bei bora ya sokoni, toa bei ya ofa, toa ada ya kubadilisha. Kinachobaki ndiyo thamani ya wiki yako melini. Ikizidi kile ambacho ungepata kwa kuikodisha, badilisha. Isipozidi, kodisha.

Ada ya matunzo usiiingize kwenye ulinganisho huu. Umeshailipa au utailipa kwa vyovyote, uende melini, ukodishe au wiki ipotee bure. Ina mahali pake unapoamua kama bado unaitaka taimshea yenyewe, na hiyo ni hesabu nyingine yenye maumivu yake.

Kodi za bandari na bakshishi pia ziko pande zote mbili, lakini zijue, kwa sababu bei ya tangazo mara nyingi huziacha nje na mfuko wako hauziachi. Bakshishi kwenye meli nyingi kubwa huhesabiwa kwa siku kwa kila mtu. Kwa dola 16, watu wawili kwa siku 7 ni dola 224, kabla hamjanunua soda. Vinywaji vingi, intaneti na matembezi ya bandarini ni malipo ya ziada. Ukisafiri peke yako jiandae zaidi: bei hupangwa kwa watu wawili ndani ya kabini, na mtu mmoja hulipa karibu sawa na wawili.

Wakati ofa ya meli inafaa kweli

Nimeisema vibaya vya kutosha, sasa niitendee haki. Ipo hali moja ambayo ningeipokea bila kusitasita: wiki uliyoikabidhi zamani na muda wake unakaribia kwisha. Wiki iliyokwisha kukabidhiwa huna tena uwezo wa kuikodisha, kwa hiyo thamani yake nje ya mfumo ni sifuri. Kwa kawaida una kama miaka 2 ya kuitumia, na kuongeza muda ni kulipa tena. Ikibaki miezi mitatu na hupati hoteli unayoitaka, punguzo la dola 40 ni dola 40 zaidi ya kuipoteza.

Hali nyingine ni wiki ya msimu mbovu isiyokodishika, au nusu ndogo ya nyumba inayogawanyika, ambayo ungeipata kama nyongeza tu. Pia kuna nyakati ambapo kampuni ya kubadilishana inamalizia kabini ilizozishika kwa kundi na bei yake ni nzuri kweli kuliko ya soko. Hilo hutokea zaidi kwa safari zinazokaribia kuondoka na zile za kuhamisha meli, kwa mfano kutoka Karibi kwenda Mediterania mwezi Aprili, ambazo zina siku nyingi za bahari tupu na bei za chini. Ukiwa umestaafu na hupati kichefuchefu, hizo ni zako.

Lakini kama lengo lako ni mapumziko mapya tu na si meli kwa jina, linganisha kwanza na kubadilisha wiki kwa wiki. Huko ndiko mfumo ulikotengenezwa kufanya kazi. Kwa ada ile ile ya dola mia mbili na kitu unapata nyumba nzima kwa siku 7 mahali ambapo hoteli ya kawaida ingekugharimu mara kadhaa zaidi. Chunga mambo mawili tu. Hoteli nyingine, hasa Meksiko, zinalazimisha kila mgeni alipie chakula na vinywaji vyote kwa siku, na malipo hayo huweza kuzidi ada ya kubadilisha mara nyingi. Na hoteli zinazogombewa huweka kanuni ya kurudi mara moja tu ndani ya miaka 4, au zinakataa wenye wiki wa eneo hilo hilo.

Wanachama pia huuziwa wiki tupu za dakika za mwisho kwa pesa taslimu, bila kutoa wiki yao. Wakati mwingine bei yake iko chini ya ada yako ya matunzo, jambo linalochekesha hadi ukumbuke nani analipa ada hiyo.

Wenye pointi badala ya wiki, kama wale wa Marriott Vacation Club au Hilton Grand Vacations, wanaweza kuzihamishia kwenye pointi za hoteli au kulipia safari nyingine. Njia ya kupima haibadiliki. Gawa ada yako ya mwaka kwa idadi ya pointi, upate kila pointi inakugharimu senti ngapi, halafu uone safari inakurudishia senti ngapi kwa pointi. Mara nyingi meli hurudisha pungufu ya unacholipa.

Kuikabidhi wiki

Umepiga hesabu na meli imeshinda. Sasa muda ndio unaotawala. RCI huipa wiki nguvu kamili ya kubadilishana, yaani thamani yake ndani ya mfumo, ikikabidhiwa miezi 9 au zaidi kabla ya tarehe yake ya kuingia, na baada ya hapo nguvu inapungua kadiri siku zinavyosogea. Wana kikokotoo kinachokuonyesha namba utakayopewa kabla hujabonyeza, kitumie. Interval hupokea wiki kuanzia miaka 2 hadi siku 60 kabla. Ndani ya siku 59 bado wanaipokea, lakini inaangukia kapu la dakika za mwisho lenye masharti yake.

Wiki ikishakabidhiwa hairudi. Kwa hiyo usiikabidhi ili uone kuna nini. Ona kuna nini kwanza. Interval wana utaratibu wa kuomba kwanza, ambapo unabaki na wiki yako hadi wapate unachotaka. Kwa ofa ya meli, pigia simu dawati la safari za meli, wanapokuwa nalo, upate bei ya mwisho kwa maandishi huku wiki ikiwa bado mikononi mwako.

Kwenye simu hiyo sema hivi, neno kwa neno ukipenda: "Naomba mchanganuo wa safari hii, tarehe hii, kabini ya aina hii, kwanza nikitoa wiki yangu, halafu bila wiki. Nautaka kwa barua pepe, ukiwa na kodi za bandari, ada ya kubadilisha na bakshishi, kila moja kwenye mstari wake." Atakayekujibu atataka kukupa jumla moja. Mwombe tena, kwa upole. Jumla moja ndiyo inayoficha kila kitu.

Kisha uliza haya. Wiki itakatwa yote au nguvu yake itabaki kiasi cha kutumia baadaye? Mtu wa tatu na wa nne kabinini wanapata punguzo, au wiki inagusa wawili wa kwanza tu? Tukifuta safari, nini kinarudi: pesa, wiki, vyote au hakuna? Na kampuni ya meli ikifuta yenyewe? Swali la mwisho linawababaisha wengi wao, na jibu lenye mashaka ni jibu tosha. Mara nyingi pesa hurudi kwa masharti ya kampuni ya meli, na wiki haina anayeijali. Kama wiki hairudi, tafuta bima ya safari na uulize waziwazi kama inafidia thamani ya wiki ya taimshea. Nyingi hufidia pesa uliyolipa tu.

Uliza pia ni nani atakayeshika nafasi yenu melini. Ukipitia kwa kampuni ya kubadilishana, wao ndio wakala, na kampuni ya meli huenda ikakataa kuzungumza nawe moja kwa moja ukitaka kubadilisha kabini au kupata bei mpya iliyoshuka.

Kama wao ndio waliokupigia

Mambo yote hapo juu yanahusu simu unayopiga wewe. Simu inayokuja yenyewe ni habari nyingine. Kuna watu wanaotafuta wenye taimshea mmoja mmoja na kuwaambia wamepata mteja wa wiki yao, au wataichukua moja kwa moja na kuwapa cheti cha safari ya meli ya bure, ilimradi walipe kwanza ada ndogo ya usajili, ya kodi au ya kuhamisha umiliki. Ada hulipwa, ikifuatiwa na nyingine, na meli haionekani. Mwezi Julai 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani na FBI walitoa tahadhari ya pamoja kwamba magenge ya dawa za kulevya ya Meksiko, hasa lile la Jalisco, yanaendesha utapeli huu dhidi ya wenye taimshea, wakijifanya madalali, wanasheria, hata maofisa wa serikali. Wanajua jina lako, hoteli yako na namba ya wiki yako, kwa hiyo kuyajua hayo si ushahidi wa ukweli.

Malipo ya awali kabla ya huduma ni sababu tosha ya kukata simu. Usihofu kuonekana huna adabu. Tafuta namba ya kampuni kwenye mkataba wako na upige mwenyewe.

Vyeti vya safari ya bure vinavyotolewa kwenye mikutano ya mauzo si lazima viwe utapeli, lakini visome. Kwa kawaida "bure" ni nauli ya kabini ya ndani, tarehe wanazochagua wao, na wewe unalipa kodi, ada za bandari na wakati mwingine amana isiyorudi.

Baada ya kuthibitisha

Weka kwenye kalenda tarehe ya malipo ya mwisho. Kampuni nyingi za meli huitaka miezi miwili hadi minne kabla ya kuondoka, na kampuni ya kubadilishana inaweza kuitaka mapema kidogo zaidi. Baada ya tarehe hiyo adhabu ya kufuta hupanda kwa ngazi hadi bei yote.

Tiketi ya ndege ya kufika bandarini nunua baada ya uthibitisho wa meli, si kabla, na ufike siku moja mapema. Meli haisubiri ndege iliyochelewa. Kwa safari za Karibi kati ya Juni na Novemba, ambao ni msimu wa vimbunga, njia inaweza kubadilishwa baharini bila fidia kubwa, kwa hiyo usifunge safari kwa ajili ya kisiwa kimoja.

Pasipoti iwe na angalau miezi 6 zaidi ya tarehe ya kurudi. Viza nayo ina mtego wake: meli ikitoka Barcelona, ikatia nanga Tunisia, ikarudi Hispania, umetoka na kuingia tena eneo la Schengen, na viza ya kuingia mara moja haitoshi. Omba ya kuingia mara nyingi, ukiambatisha ratiba ya bandari zote. Marekani ni hivyo hivyo kwa meli inayotoka Miami na kuzunguka visiwa.

Siku uthibitisho unapofika, ingia kwenye akaunti yako ya kubadilishana uone ni wiki ipi iliyokatwa. Ukiwa na mbili zilizokabidhiwa, mfumo au mhudumu anaweza kuchukua ile nono ilhali ile iliyokaribia kwisha ingetosha. Kurekebisha siku hiyo hiyo ni simu moja. Na linganisha majina na pasipoti herufi kwa herufi kabla ya malipo ya mwisho, maana baada ya hapo kubadilisha jina huweza kuhesabiwa kama kufuta safari na kuanza upya kwa bei ya siku hiyo.